Barabara ya Yide na Jimbo Lisilotazamwa

Aghalabu mtu wa Afrika Mashariki akirejea kutoka Guangzhou huulizwa bei, naye hujibu bei: bei ya vitenge, ya vigae, ya taa za sola, ya viti vya saluni, na gharama ya kupakia kontena hadi Dar es Salaam au Mombasa. Sijapata kumsikia akiulizwa mji wenyewe una sura gani, mto wake unapita wapi, watu wake hufungua kinywa kwa kitu gani asubuhi, wala nyuma ya mji huo kuna nchi ya namna gani. Jimbo la Guangdong, ambalo mji huo ndio makao yake makuu, na ambalo katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 lilikutwa na wakazi zaidi ya milioni 126, limekanyagwa na miguu mingi ya kwetu, walakini limetazamwa na macho machache mno. Wenye nia ya kutembea huenda Beijing kwa ajili ya Ukuta Mkuu, au Xi'an kwa ajili ya askari wa udongo waliozikwa na mfalme wao, na Guangdong huachiwa wanunuzi. Nakusudia kulitetea jimbo hilo mbele ya msomaji, na ushahidi wangu wa kwanza nitautoa katika barabara moja tu, isiyo ndefu sana wala pana sana, iitwayo Yide Lu.

Barabara hiyo imo katika wilaya ya Yuexiu, ndani ya mji wa zamani, sambamba na ukingo wa kaskazini wa Mto Zhujiang, ikitoka upande wa Uwanja wa Haizhu kuelekea magharibi. Mahali hapo ulipita ukuta wa kusini wa mji, ukabomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 pale Guangzhou ilipotaka njia pana za kupita magari, na kando ya njia hiyo mpya wafanyabiashara wakajenga nyumba ambazo orofa zake hutokeza mbele juu ya nguzo, ili waendao kwa miguu wapite chini yake, wasipatwe na jua kali la miezi ya joto wala mvua zake za ghafula. Mtu aliyekulia katika vichochoro na vibaraza vya Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kufundishwa hekima ya kivuli hicho. Hapo chini ya orofa maisha yote ya barabara hupita: wachukuzi na rukwama zao, wenye maduka wakinywa chai, wazee waliokaa juu ya viti vya plastiki wakitazama watu, na shehena za makasha yaliyofungwa kwa utepe wa kunata yakingoja kuchukuliwa.

Mwenye kuijia Yide Lu kutoka upande wa mto hutangulizwa na pua kabla ya macho. Harufu yake ni ya ng'onda, ya chumvi, ya kitu cha baharini kilichokaushwa juani, harufu ambayo mtoto wa Pemba, wa Mafia au wa Lamu huinusa kabla hajajua kusema. Tangu zamani upande huu wa mji ulikuwa wa wachuuzi wa samaki wa chumvi, na hadi leo ndio soko mashuhuri la jumla la vyakula vikavu vya baharini. Magunia ya uduvi yamesimama mlangoni midomo wazi. Kamba wakavu wamegawanywa kwa ukubwa katika mafungu saba au manane. Ngisi wamebanwa bapa na kupangwa juu ya wenzao. Chaza waliokaushwa, ambao Wakantoni huwala katika mwaka mpya kwa kutafuta fali ya neema, wanang'aa mafuta ndani ya makapu. Muuzaji hutia kikombe cha bati ndani ya gunia, humimina mizanini, huandika bei katika kikokotoo na kukigeuza kukuelekea, nawe ukitaka kupunguziwa huandika yako. Kwa jinsi hiyo watu wasiojuana lugha hata neno moja wamefanya biashara katika barabara hii kwa taadhima na bila ugomvi, nami nilikaa kitako nikawatazama kwa muda mrefu, kwa kuwa ni jambo la kupendeza kutazama.

Lakini kilichonishika mguu katika maduka hayo hakikuwa wingi wa vitu. Kilikuwa jongoo wa baharini. Kwetu mnyama huyu haliwi. Watoto humchokoa kwa kijiti, na wakubwa humtupia macho kisha wakapita. Hata hivyo wanawake wa visiwani humwokota wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na wazamiaji humfuata chini zaidi; na wenye kuijua kazi hiyo humtenga jongoo mchanga na pauni na aina nyingine nyingi, kwa kuwa kila aina ina bei yake. Hutumbuliwa, huchemshwa, ngozi yake ya nje huondolewa, huchemshwa tena, kisha huanikwa mpaka awe mgumu wa kugongwa juu ya meza akalia. Baada ya hapo hupokewa na mnunuzi, na mnunuzi humpeleka asikokujua mwenye kumwokota. Hikaya yake katika pwani yetu hukatika hapo, nusu yake ya pili ikawa haisimuliwi na mtu.

Nusu hiyo ya pili niliikuta Yide Lu. Jongoo wamejaa ndani ya chupa ndefu za kioo, wamepangwa kwa nchi na kwa daraja, na mwenye duka mmoja, bwana wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliponiuliza kwa programu ya tafsiri ya simu yake ninatoka wapi, akainuka, akagonga kwa kidole chupa moja ya rafu ya katikati na kusema kwamba hawa nao wametoka Afrika. Kisha akanionyesha, kwa mikono zaidi kuliko kwa simu, yanayompata jongoo baada ya kuuzwa: hulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa mara kwa mara, mpaka avimbe na kulainika, hupikwa taratibu pamoja na uyoga na mchuzi wa chaza, huletwa mezani katika harusi, katika siku ya kuzaliwa ya mzee, na katika usiku wa kuukaribisha mwaka. Kinachotazamwa kwa karaha katika fungu la mchanga la Unguja ni heshima ya juu kabisa ambayo mwenyeji wa Guangdong aweza kumfanyia mgeni wake. Natamani kila mwanamke anayeinama ufuoni kwa ajili ya mnyama huyu alijue jambo hilo, kwani mtu akijua mwisho wa bidhaa yake hujua pia pa kusimama katika kuitaja bei yake.

Kadhalika mabondo. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, akala samaki wengi wa asili, akageuza maisha ya mialo yote kuanzia Mwanza hadi Kisumu na visiwa vya Uganda. Na ndani ya tumbo lake mna mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea, ndio bondo, ambao leo kilo yake moja, ukishakaushwa, huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya ile ya kilo ya mnofu. Katika Yide Lu mabondo ya samaki wa kila namna yametundikwa na kupangwa kwa rangi, kuanzia meupe ya juzi hadi ya rangi ya asali yaliyokaa miaka, kwa sababu bondo huhesabiwa kuwa bora kadiri linavyozeeka. Hupikwa supu, na supu hiyo hupewa kwanza mzazi aliyejifungua, ili arejeshewe nguvu, kwa nia ileile ambayo kwetu mzazi hupikiwa mchuzi wenye pilipili manga. Mvuvi wa Ukerewe na mama mchanga wa Guangzhou wameunganishwa na kamba hiyo, wala hakuna anayejua jina la mwenzake.

Mbele ya mapezi ya papa sikuweza kusimama kwa furaha. Yalikuwa mengi, mazuri kwa jinsi yalivyosafishwa, na nyuma yake niliona bahari inayopungukiwa. Papa huzaa kidogo na hukua polepole, na tamaa ya meza haiwezi kumngoja. Wasafiri wa kwetu watakaofika hapo wayatazame pia, kwa kuwa ni sehemu ya habari za barabara hii, na kwa kuwa baadhi ya bahari zinazoyatoa ni zetu.

Kuelekea upande wa mashariki vyakula huanza kuchanganyika na vitu vya kuchezea, daftari, kalamu, maua ya karatasi, na mapambo ya sherehe, maghorofa kwa maghorofa, na wiki za kabla ya mwaka mpya wa Kichina upande huo wote hugeuka mwekundu kwa taa za karatasi. Sina mengi ya kusema hapo, kwani vitu hivyo msomaji anaviona Kariakoo na Gikomba bila kupanda ndege.

Ambalo haliwezi kuonekana kwingine ni kanisa. Katikati ya barabara, upande wa kaskazini, nyuma ya maduka ya samaki, limesimama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji huliita Shishi, nyumba ya mawe, kwa sababu limejengwa lote kwa mawe ya matale, kuta, nguzo na minara. Kabla yake palikuwa na makazi ya liwali wa mfalme wa Uchina, yaliyoangamizwa katika Vita vya Pili vya Kasumba. Wafaransa wakaipata ardhi hiyo kwa nguvu ya mkataba, wakaanza kujenga mwaka 1863, na kazi ikaisha mwaka 1888. Michoro ilikuwa ya Kifaransa. Mikono iliyochonga ilikuwa ya Wachina, chini ya fundi wao mkuu Cai Xiao, na mwenye kuinua macho hadi kwenye ukingo wa paa ataona midomo ya kutoa maji ya mvua imechongwa kwa sura ya simba wa Kichina. Minara yake miwili ina urefu wa mita 58 na nusu. Mzanzibari hawezi kuitazama asikumbuke Minara Miwili ya kwao, kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na wamisionari wa Kifaransa katika muongo wa mwisho wa karne hiyohiyo. Bandari mbili zilizotengana kwa bahari nzima zilipokea minara ya jamii moja, kutoka kwa watu wa taifa moja, katika zama moja za misukosuko.

Jumapili alasiri husomwa hapo misa ya Kiingereza, na Waafrika huijaza. Mimi si wa dini hiyo, lakini uani mwake hufukuzwi, nami nikaketi kwenye benchi nikisikiliza Kiswahili kinavyopenya katikati ya Kiigbo na Kifaransa. Mama mmoja aliyevaa kitenge cha nakshi za tausi akaja kuketi kando yangu kupumzisha miguu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, baba. Kumbe wa nyumbani! Umefuata mzigo?"

"Safari hii nimefuata mji, mama. Nautembea tu."

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Mimi mwaka wa kumi na ngapi sijui naja huku. Nafikia mtaa wa Xiaobei, asubuhi masoko ya Sanyuanli, mzigo ukishaingia kwa wakala narudi zangu Kariakoo kwa watoto. Hapa nafuata misa. Mto nausikia tu kwamba upo."

Mto ulikuwa nyuma yetu, mwendo wa dakika chache. Sikumlaumu hata chembe. Mwenye mtaji wa mkopo hana siku ya kuutembelea mto, na mama yule amesomesha watoto kwa biashara hiyo. Lakini nilisikitika kwamba mtu aijuaye njia ya kwenda Uchina kuliko wasomi wetu wengi hajapata kuambiwa na yeyote kwamba nchi ile ina cha kumfaa mbali na makasha, na kwamba yeye, kwa miaka yake mingi ya kuja na kurudi, ana haki ya kukiona.

Kutoka kanisani hadi msikiti wa Huaisheng, katika barabara ya Guangta, ni mwendo wa miguu usiochosha, nami nilikwenda kuiwahi Alasiri. Mapokeo ya Waislamu wa Kichina huunasibisha msikiti huu na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ingawa wanahistoria hawakuafikiana juu ya tarehe. Lililo thabiti ni jiwe la maandishi la mwaka 1350 linalotaja kujengwa kwake upya baada ya kuungua. Mnara wake ni mweupe, wa duara, usio na nakshi, wenye urefu upatao mita 36, na husimuliwa kwamba taa iliyowashwa juu yake iliwaongoza manahodha, katika siku ambazo mto ulikuwa karibu zaidi kuliko leo. Waarabu waliuita mji huu Khanfu, na kitabu chao cha mwaka 851 kinasema kwamba humo aliwekwa Mwislamu wa kuwahukumu wafanyabiashara wenziwe. Naye Ibn Battuta, aliyetua Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Guangzhou katika miaka ya 1340, akakuta mtaa wa Waislamu wenye msikiti, soko, kadhi na sheikh. Miguu iliyotembea Kilwa Kisiwani ilitembea katika mji huu. Hilo peke yake latosha kumfanya mtu wa pwani asijihisi mgeni kamili uani mwa Huaisheng.

Fauka ya hayo, tijara ilitangulia miguu. Mwaka 1945 huko Kajengwa, karibu na Makunduchi, yalifukuliwa mamia ya sarafu za shaba za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song, na makaburi ya Kunduchi na Mambrui yalipambwa kwa mabakuli na sahani za Kichina. Mashariki ya Guangzhou, huko Huangpu, kuna hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini lililoasisiwa mwaka 594, ambamo mabaharia walisali kabla ya kutweka matanga. Ndani yake imo sanamu ya mgeni aliyevalishwa mavazi ya Kichina, mkono umekinga jua usoni, akitazama baharini. Wasimulizi wanasema alishuka chomboni kupanda mbegu za mafenesi, akapitiwa na wakati, na chombo kikamwacha. Naye akakaa pale akikingoja mpaka akafa, wenyeji wakamhurumia na kumpa cheo miongoni mwa miungu yao midogo. Sijui mji mwingine wa bandari uliomfanyia mgeni aliyeachwa na chombo heshima ya namna hiyo.

Sasa nirudi katika jimbo. Uzuri wa Yide Lu kwa msafiri ni kwamba kila kitu kinachouzwa humo kinamwelekeza mahali. Muulize mwenye duka maganda yale meusi ya chenza, yaliyofungwa kwa uzi na kuandikwa umri wake, yametoka wapi, naye atakutajia Xinhui, ambako ganda hukaushwa na kuhifadhiwa miaka na miaka, bei yake ikipanda kwa kila mwaka, na hutiwa katika supu na katika chai. Nenda Xinhui. Wale wanaonunua vigae huenda Foshan, huhesabu maboksi na kurudi usiku, na hawajui kwamba katika mji huohuo, huko Shiwan, lipo tanuri la kuchoma vyungu lililojengwa enzi ya Ming, limelala juu ya mteremko wa kilima, na wafinyanzi wangali wakilitumia. Kaskazini, karibu na Shaoguan, iko milima myekundu ya Danxia, iliyotiwa mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa dunia. Mashariki iko Chaozhou, mji wa watu wanaotia majani ya chai mengi katika buli dogo na kukunywesha kwa vikombe vya kiasi cha funda moja, na ambao hawakuachi uondoke kabla ya duru ya tatu.

Wakati mwema ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, hewa inapokuwa kavu, ila wiki za maonyesho makubwa ya biashara, yaliyoanza mwaka 1957 na hufanyika Aprili na Oktoba, nyumba za wageni hupandisha bei. Mwislamu asihofu chakula: Wahui, Waislamu wa kaskazini-magharibi, wamefungua mikahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono kila upande wa mji, na karibu na Huaisheng na Xiaobei hakosi nyama ya halali.

Na mwenye siku moja tu ya kutoka nje ya Guangzhou, aitumie Kaiping. Eneo hilo la mashamba ya mpunga, jirani la Xinhui, lilikuwa fukara na lenye maharamia na mafuriko, na vijana wake wakaenda kuchimba dhahabu na kujenga reli Marekani na Kanada, na wengine wakahamia Malaya na Australia. Marekani ikawafungia mlango kwa sheria ya mwaka 1882, wengi wakawa hawawezi kuwachukua wake zao. Basi wakatuma fedha nyumbani, na kwa fedha hizo ikajengwa minara ya kukaa watu, yenye madirisha ya chuma, matundu ya bunduki, na juu kabisa nguzo za Kiyunani, matao na kuba, kila mmoja kwa kumbukumbu ya alichokiona mwenyewe ng'ambo. Imebaki zaidi ya 1,800, na mwaka 2007 nayo ilitambuliwa kuwa urithi wa dunia. Sisi ambao ndugu zetu wako Maskati, London na Minnesota, na ambao tunazijua nyumba zinazopanda kozi moja kila fedha zinapoingia, tunaielewa minara hii kuliko watalii wengi wanaopita na kamera zao. Katika kijiji cha Zili, mnara uitwao Mingshi, uliojengwa mwaka 1925, uko wazi kwa wageni, na ndani yake vyombo vya familia vimeachwa mahali pake: meza na viti vya mti mzito, vitanda, picha za ukutani, na vitu vya kigeni vilivyokuja kwa meli. Panda hadi juu ya paa lake, uhesabu minara mingine iliyoko shambani, na umwombe mlinzi akuonyeshe ni ipi iliyojengwa kwa fedha za nchi gani.